Dola za Kituruki Zilivyoifikia Pwani ya Waswahili

Mkazi wa Kipawa, Dar es Salaam, hana haja ya kusafiri ili akutane na Uturuki. Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere uko mlangoni kwake, na tangu 2010 ndege za Turkish Airlines zimekuwa zikitua hapo kutoka Istanbul. Reli ya umeme inayopita upande huohuo wa jiji kuelekea Pugu, Morogoro na Dodoma imejengwa na Yapı Merkezi, kampuni ya Istanbul. Muuza nguo akiulizwa kwa nini jinzi yake ni ghali kuliko ya jirani, hujibu kwamba huu ni mzigo wa Uturuki, si wa China, na mteja anatarajiwa kunyamaza. Usiku ukiingia, sebuleni, watu wenye vilemba vikubwa na panga viunoni hugombana kwa Kiswahili fasaha kwenye Azam TV.

Uhusiano huu unaonekana wa juzi, na kwa upande wa biashara ni wa juzi kweli. Lakini Uturuki ni moja tu kati ya dola nyingi zilizoasisiwa na watu wanaozungumza lugha za Kituruki, na dola hizo zimekuwa zikikutana na watu wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka elfu moja: kwenye vinamasi vya chumvi vya Iraq, kwenye mazizi ya farasi ya Delhi, kwenye gati la Mombasa, na kwenye kambi za askari wa Wajerumani. Karibu kila zilipokutana, dola hizo zilionyesha tabia ileile. Waturuki wenyewe walikuwa wachache kuliko watu waliowatawala, na nyika walizotoka hazikuwa na mali nyingi. Walichokuwa nacho ni ustadi wa kukusanya askari, makarani, mafundi na mitaji ya watu wengine na kuviendesha kwa amri moja. Ustadi huo uliwafikisha kwenye malango ya Vienna, Delhi na Cairo. Ulipoingia Bahari ya Hindi, ulikwama.

Dola ya kwanza kujiita ya Waturuki ilisimama mwaka 552, katika nyika za Mongolia ya leo, chini ya mtawala aliyeitwa Bumin. Kizazi kimoja baadaye ilikuwa imefika Bahari Nyeusi. Hariri ndiyo iliyoilisha: Wachina waliitoa, Wasogdia wa Samarkand waliichuuza, Waturuki wakailinda njiani na kuitoza ushuru. Hata jiwe la kumbukumbu la dola hiyo lililo la zamani zaidi liliandikwa kwa lugha ya hao Wasogdia. Maandishi marefu ya Kituruki yalikuja baadaye, kwenye mawe ya bonde la Orkhon ya 732 na 735, ambamo mtawala anawakaripia watu wake kwa kuhadaiwa na hariri laini na maneno matamu ya Wachina. Baada ya hapo nyika zilizaa dola nyingine nyingi. Wauyghur walifuata dini ya Mani. Watawala wa Wakhazari, kaskazini mwa Bahari ya Kaspi, wakachagua Uyahudi. Uislamu ulikuja kwa wengi wao baadaye kuliko inavyodhaniwa, katika karne ya 10.

Lakini Mturuki mmoja mmoja alikuwa ameshaingia katika ulimwengu wa Kiislamu kabla ya hapo, na mlango alioupitia ulikuwa utumwa. Khalifa al-Mu'tasim wa Baghdad, asiyewaamini tena askari wa Kiarabu na wa Kiajemi, alinunua maelfu ya vijana wa nyikani, akawafundisha vita, na mwaka 836 akahama nao kwenda mji mpya wa Samarra. Miaka 25 baadaye askari hao walimuua mwanawe, al-Mutawakkil. Tangu hapo hadi 870 makhalifa wanne walipishana kwenye kiti, wakipandishwa na kushushwa na walinzi wao wenyewe.

Ni katika vurugu hizo ndipo Afrika inapoingia katika habari hii. Mwaka 869, karibu na Basra, watumwa waliokuwa wakikwangua tabaka la chumvi ili ardhi ilimike waliasi chini ya Ali bin Muhammad. Waliitwa Zanji, jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Wanahistoria wanabishana ni sehemu gani ya waasi hao waliotoka pwani hii na ni wangapi walitoka kwingine Afrika, au Iraq kwenyewe. Hakuna anayebisha kuhusu ukubwa wa uasi: waliiteka Basra mwaka 871, wakajenga mji wao, wakapigana miaka 14. Kati ya makamanda waliotumwa kuwazima walikuwamo Waturuki, yaani watumwa, au watoto wa watumwa, wakiongoza majeshi dhidi ya watumwa.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu kuliko linavyotazamwa kwa kawaida. Katika dola moja, kijana mmoja alinunuliwa akapewa farasi, upinde na mshahara. Mwingine akapewa jembe na kinamasi. Waandishi wa zama zile walieleza tofauti hiyo kwa tabia za kabila hili na lile, na wapo wanaorudia maelezo hayo hadi leo. Sababu ilikuwa ya ufundi. Mtoto wa nyikani alifika akijua kupiga mishale juu ya farasi anayekimbia, na hiyo ndiyo ilikuwa silaha kali kuliko zote za karne ile. Mwaka 883, uasi wa Zanji ulipozimwa, Ahmad ibn Tulun, mtoto wa mtumwa wa Kituruki, alikuwa ametimiza miaka 15 akitawala Misri.

Njia hiyo ya kutoka utumwani hadi kwenye kiti cha enzi ikawa desturi. Ukoo wa Ghazni, uliovamia India mara nyingi chini ya Mahmud, uliasisiwa na askari mtumwa. Usultani wa Delhi ulianza mwaka 1206 na Qutb al-Din Aibak, naye aliwahi kuuzwa sokoni. Misri ilitwaliwa na askari watumwa mwaka 1250, wengi wao Wakipchak kutoka kaskazini mwa Bahari Nyeusi, na miaka kumi baadaye ndio waliowazuia Wamongolia huko Ayn Jalut. Delhi ndiyo inayomhusu zaidi msomaji wa huku. Malkia Raziya, aliyetawala kuanzia 1236 hadi 1240, alimpandisha cheo Mwafrika, Jamal al-Din Yaqut, Mhabeshi, akamkabidhi mazizi ya farasi wa kifalme. Katika dola iliyosimama juu ya farasi, cheo hicho kilikuwa kikubwa. Wakuu wa Kituruki, ambao wenyewe walikuwa watumwa wa jana, hawakuvumilia kuona mlango ukifunguliwa kwa mtu asiye wa kwao. Yaqut aliuawa, na Raziya naye hakudumu.

Waseljuk walikuja kwa njia nyingine, kama kabila zima pamoja na mifugo yao. Waliwashinda Waghazni mwaka 1040, wakaingia Baghdad 1055, na mwaka 1071 wakamteka mfalme wa Rumi ya Mashariki huko Manzikert, ushindi uliofungua Anatolia, nchi inayoitwa Uturuki leo. Lakini atakayewatafuta katika vitabu vya utawala wao atakutana na Waajemi. Waziri wao mkuu Nizam al-Mulk alikuwa Mwajemi, barua zao ziliandikwa Kiajemi, na watoto wa wafalme walilelewa kwa mashairi ya Kiajemi.

Hapa pwani ya Waswahili ina jambo lake. Wengi wa Zanzibar, Kilwa na visiwa vya jirani husimulia asili ya Shiraz, na kumbukumbu za Kilwa zinamtaja Ali bin al-Hasan aliyetoka huko. Ubishi kuhusu ukweli wa masimulizi hayo hauna mwisho na hauna haja ya kufunguliwa hapa. Kinachosahauliwa ni nani alikuwa akiitawala Shiraz yenyewe. Nakshi ya msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ina tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107; wakati huo nchi ya Fars, ambayo Shiraz ni mji wake mkuu, ilikuwa chini ya Waseljuk. Kuanzia 1148 ikawa chini ya Wasalghuri, ukoo wa Waturukimeni uliodumu hadi Wamongolia walipouzima mwishoni mwa karne ya 13. Mshairi Saadi, fahari ya Shiraz, alichukua jina lake la ushairi kutoka kwa watawala hao, na katika karne hiyohiyo ukoo huo uliteka kisiwa cha Kish, bandari kubwa ya Ghuba. Basi Mswahili aliyejisifu kwa Shiraz katika enzi za kukua kwa Kilwa alijisifu kwa mji wa Kiajemi uliokuwa ukimlipa kodi Mturuki. Huenda hakujua, na kwa jinsi watawala hao walivyojivika Uajemi, asingekuwa na sababu ya kujua.

Yupo shahidi mmoja aliyeziona pande zote mbili kwa macho yake. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaukuta mji wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa kwa dhahabu ya Sofala, akausifu kuwa kati ya miji mizuri kuliko yote. Muda si mrefu baadaye alikuwa Anatolia, ambako alikutana na Orhan, mtoto wa Osman aliyeasisi dola ya Waosmani, akaandika kwamba ndiye tajiri kuliko wafalme wote wa Waturukimeni na ana ngome karibu mia moja. Kutoka hapo alipitia kwa Özbeg Khan wa nyika za Volga, kisha akaajiriwa ukadhi Delhi na Muhammad bin Tughluq. Kwa msomaji wa karne ya 14 Kilwa na Bursa, mji wa Orhan, zingeweza kuonekana ndugu: miji miwili midogo pembezoni mwa Uislamu, yenye watawala wakarimu. Karne mbili baadaye mmoja ulikuwa umeporwa na Wareno, na watoto wa Orhan walikuwa wakitawala kuanzia Hungary hadi Yemen.

Kati ya hapo palipita majina makubwa yanayohitaji kitabu chao. Timur wa Samarkand alimteka sultani wa Waosmani mwaka 1402, na mjukuu wake Ulugh Beg akajenga kituo cha kutazama nyota. Babur, wa uzao huohuo, aliasisi dola ya Wamughal India mwaka 1526 na kuandika habari za maisha yake kwa Kituruki cha Asia ya Kati. Wajukuu zake walikuja kusumbuliwa kwa miaka mingi na Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akawa jemadari wa Dekani, aliyefariki 1626. Hata dola ya Wasafavi ya Uajemi ilipandishwa kitini mwaka 1501 na wapiganaji wa makabila ya Kiturukimeni, na Waqajar, ukoo mwingine wa Kituruki, walibaki na Uajemi hadi 1925.

Waosmani ndio pekee waliofika hadi miji ya Waswahili wakiwa na mizinga. Walipoiteka Misri mwaka 1517 walirithi bandari ya Suez na, pamoja nayo, ugomvi na Wareno, ambao walikuwa wamezipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Walishuka taratibu: Yemen, kisha mwaka 1555 wakaunda jimbo la Habeshi kwenye pwani ya Eritrea ya leo. Mwaka 1585 Mir Ali Bey, nahodha aliyewahi kuipora Muscat miaka minne kabla, alitoka Yemen akielekea kusini na vyombo vichache mno. Alichobeba zaidi ni jina la sultani. Lilitosha. Mogadishu ilimkubali, kisha Barawa, Lamu, Pate, Faza na Mombasa, miji iliyochoshwa na ushuru na ubabe wa Wareno. Malindi peke yake ilibaki kwa Wareno, kwa sababu uadui wake na Mombasa ulikuwa mkubwa kuliko hofu yake kwa yeyote. Lamu ikamkabidhi Roque de Brito, mkuu wa Wareno katika pwani hiyo, na Mir Ali akarudi Bahari ya Shamu na mateka, nyara na ahadi ya kurudi na nguvu zaidi.

Kabla hajarudi, Wareno walikuja kudai deni. Mapema 1587 meli kutoka Goa ziliishambulia Faza, zikamuua mtawala wake pamoja na watu wake, na kukata minazi kwa maelfu. Halafu Mombasa ikachomwa moto. Mir Ali alitokea tena mwishoni mwa 1588 na meli tano, akajenga ngome Mombasa. Machi 1589 kundi la meli takribani ishirini za Tomé de Sousa Coutinho liliingia bandarini. Upande wa bara walikuwa wamepiga kambi Wazimba, wapiganaji waliopanda kutoka upande wa Zambezi na ambao Kilwa ilikuwa imeshawaonja kwa machungu. Wareno walipoziteka meli, Wazimba walivuka na kuingia kisiwani, na Waosmani wakakuta adui mbele na adui nyuma. Wengine waliogelea kwenda kwa Wareno wenyewe, wakiona bora pingu. Mir Ali alikamatwa, akapelekwa Goa na kisha Lisbon, ambako alibatizwa. Mtawala wa Lamu alikatwa kichwa kwa kosa la kumtoa Roque de Brito.

Kwa nini dola yenye nguvu kiasi kile ilituma meli tano? Sehemu ya jibu ni mti. Suez haina msitu; mbao za kuundia meli zilitoka pwani za Mediterania na Anatolia, zikasafirishwa hadi Misri na kubebwa na ngamia kuvuka jangwa. Sehemu nyingine ni Uajemi: kuanzia 1578 hadi 1590 Istanbul ilikuwa vitani na Wasafavi, na fedha zilikwenda huko. Safari za Mir Ali ziliungwa mkono na gavana wa Yemen zaidi ya sultani mwenyewe. Lakini kuna sababu ya ndani zaidi. Nchi kavu, Waosmani walifika wakakuta makarani, wakulima na mafundi wa kuwatumia. Mombasa walikuta mji uliowataka wao ndio walete kila kitu: meli, mizinga, baruti, askari. Ustadi wa kuongoza nguvu za wengine hauna pa kushika pale ambapo wenyeji wanatafuta mtu mwenye nguvu zake mwenyewe. Kilichobaki cha ujio huo ni Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 ili Mturuki asirudi. Ajabu yake ni kwamba jengo kubwa kuliko yote linalokumbusha Waturuki katika pwani hii limejengwa na maadui zao.

Miji ile ilikuja kumtoa Mreno kwa msaada wa Waomani, walioichukua Mombasa mwaka 1698, na Istanbul ikarudi kuwa jina la mbali. Watu wa Afrika waliendelea kupelekwa huko kinyume na matakwa yao. Mkuu wa matowashi weusi katika jumba la sultani alikuwa kati ya watu wenye sauti kubwa kuliko wote katika dola, lakini alikuwa mmoja. Wengine waliishia mashambani na majumbani. Vizazi vyao vipo hadi leo karibu na Izmir. Mustafa Olpak, mzao wa familia iliyotolewa Kenya ikapitia Krete, alichapisha kitabu cha ukoo wake mwaka 2005, akaanzisha chama cha Waturuki wenye asili ya Afrika, na kufufua sherehe yao ya Ndama. Alifariki 2016. Habari za watu hawa hazijulikani vya kutosha Afrika Mashariki, ambako tamthilia za masultani zinajulikana kwa kichwa.

Karne ya 19 ilileta Uturuki kwa mlango wa uani: Misri. Ukoo wa Muhammad Ali uliitawala Misri kwa jina la sultani wa Istanbul, ukaiteka Sudan kuanzia 1820, na wenyeji wa Sudan wakauita utawala huo wa Waturuki ingawa askari wengi walikuwa Wasudani. Mwaka 1875 Khedive Ismail, mtawala wa ukoo huo, alituma meli chini ya McKillop, Mwingereza, zikanyakua Barawa na Kismayu kutoka kwa Sayyid Barghash wa Zanzibar. Mpango ulikuwa kupata njia ya kutoka Bahari ya Hindi hadi maziwa makuu. Uingereza ilimkemea Ismail, na mapema mwaka uliofuata askari wake waliondoka.

Askari wa jeshi hilo waliacha alama ndefu kuliko mabwana zao. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipokuja kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, mwaka 1889, alipitia Misri akaajiri mamia ya Wasudani, na vyeo vyao vikaja pamoja nao: ombasha, shaushi, efendi, ngazi iliyotoka moja kwa moja katika jeshi la Waosmani. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki lilitumia vyeo hivyo hadi mwisho wake, na raia anayesimamishwa na trafiki barabarani leo humwita afande. Kaskazini, Wasudani waliobaki karibu na Ziwa Albert baada ya gavana wao wa Misri, Emin Pasha, kuondoka walichukuliwa na Mwingereza Lugard mwaka 1891. Uzao wao ni Wanubi wa Uganda na wa Kibera, Nairobi.

Zanzibar iliitazama Istanbul kwa heshima ya kidini. Sheikh Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija aliyekuja kuwa kadhi mkubwa wa Unguja, alikwenda huko miaka ya 1880 na kutunukiwa nishani na Sultani Abdulhamid. Sayyid Ali bin Hamud, sultani wa Zanzibar, alizuru mwaka 1907. Ndiyo maana Wajerumani waliweka matumaini makubwa pale khalifa alipotangaza jihadi Novemba 1914 akiwa upande wao: walieneza wito huo katika koloni lao, wakitumaini Waislamu wa pwani wangewaasi Waingereza. Sayyid Khalifa bin Harub wa Zanzibar aliwaasa watu wake wabaki upande wa Uingereza, na wito haukuwasha moto. Heshima kwa khalifa haikuwa utii kwa serikali yake. Mwaka 1924 Mustafa Kemal, kiongozi wa jamhuri mpya ya Uturuki, aliufuta ukhalifa, na kamba hiyo ikakatika.

Alichofanya Kemal kilikuwa kigeni katika historia hii nzima. Tangu Bumin, dola za Kituruki zilikuwa za koo. Watu walikuwa wa mtawala, wawe Wagiriki, Waarabu au Waserbia. Jamhuri ya 1923 ilidai kuwa ya taifa moja lenye lugha moja, na dai hilo liliwagharimu vibaya Wagiriki, Waarmenia na Wakurdi waliokuwa ndani ya mipaka. Asia ya Kati ilipitia kitu kinachofanana kwa mkono wa Moscow. Urusi iliteka Tashkent mwaka 1865, na Wasoveti wakaimaliza Bukhara ya amiri mwaka 1920, kisha kuanzia 1924 wakachora jamhuri za Wauzbeki, Waturukimeni, na baadaye Wakazakhi na Wakirgizi. Mipaka hiyo ikawa ya nchi huru mwaka 1991, pamoja na Azerbaijan. Kazakhstan ilihamisha makao makuu kutoka Almaty kwenda katikati ya nyika mwaka 1997, jambo ambalo Mtanzania aliyesubiri Dodoma tangu 1973 atalielewa. Mji huo ulibadilishwa jina kuwa Nur-Sultan 2019, ukarudishiwa Astana 2022. Nchi hizi zina jumuiya yao, iliyoanzishwa 2009 na kuitwa Jumuiya ya Dola za Kituruki tangu 2021. Tatarstan iko ndani ya Urusi, na Wauyghur wako chini ya China, katika hali ngumu inayojulikana dunia nzima.

Uturuki uliorudi Afrika Mashariki katika karne hii una sura mbili, na kuzichanganya ni kosa. Somalia ulikuja kama dola. Erdoğan, waziri mkuu wakati huo, alitua Mogadishu wakati wa njaa, Agosti 2011. Bandari ya mji huo inaendeshwa na kampuni ya Kituruki. Kambi ya kufundishia askari ilifunguliwa 2017. Na mwaka 2024 meli ya utafiti wa mafuta, Oruç Reis, ilifika ikisindikizwa na manowari. Mir Ali angetamani robo ya nguvu hiyo.

Tanzania ulikuja kama mkandarasi. Rais Abdullah Gül alizuru Februari 2009, mwaka ambao ubalozi wa Uturuki uliokuwa umefungwa ulifunguliwa tena Dar es Salaam. Erdoğan, sasa akiwa rais, alikuja Januari 2017. Ombi lake la kutaka shule zenye uhusiano na mhubiri Fethullah Gülen zifungwe, baada ya jaribio la mapinduzi la 2016, halikuzimaliza shule za Feza, ambazo zinaendelea kupokea wanafunzi. Siku chache baada ya ziara hiyo, Yapı Merkezi ilisaini mkataba wa kipande cha kwanza cha reli, Dar es Salaam hadi Morogoro, ikishirikiana na Mota-Engil ya Ureno. Mturuki na Mreno, wapinzani wa Mombasa ya 1589, walishinda zabuni wakiwa pamoja.

Fedha ndizo zinazofunua zaidi. Uturuki haukuikopesha Tanzania reli hiyo kama China ilivyoikopesha Kenya ya kwake. Serikali ilianza kwa fedha za ndani, kisha mwaka 2020 ikapata mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioandaliwa na benki ya Standard Chartered, kwa dhamana za mashirika ya mikopo ya Denmark na Sweden. Vichwa vya treni na mabehewa ya umeme vilitoka Korea Kusini. Walioshika koleo na nondo ni Watanzania kwa maelfu. Uturuki ulileta wahandisi, mitambo na ustadi wa kuviunganisha vyote hivi hadi treni ikatembea: abiria wa Morogoro walianza kupanda Juni 2024, wa Dodoma mwezi uliofuata. Aliyesoma habari za Waseljuk na makarani wao wa Kiajemi ataitambua sura hiyo. Tofauti ni kwamba mkandarasi hutoka kwa barua ya mkataba, na mwenye dola hapa ni Shirika la Reli Tanzania.

Kwa hiyo maswali yanayofaa kuulizwa Kipawa na Pugu ni ya kawaida kabisa: nani atatengeneza mfumo wa umeme na ishara ukiharibika, vipuri vitatoka wapi, na wahandisi wangapi wa Kitanzania waliofanya kazi chini ya Waturuki wamebaki na ujuzi unaotosha kusimamia wenyewe. Yapı Merkezi imeshatafuta kazi mbele. Oktoba 2024 ilisaini na Uganda kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, kwa euro bilioni 2.7. Ndani ya Tanzania ilipewa pia vipande vya Makutupora hadi Tabora na Tabora hadi Isaka. Kutoka Isaka kwenda Mwanza, na kutoka Tabora kwenda Kigoma, mikataba ni ya Wachina, na mhandisi wa Kitanzania atakayepangiwa Isaka atalazimika kusoma michoro ya pande zote mbili.